Tantine Ataingia na Nani

Kwetu Bagira watu wananijua kwa vitu viwili: nafundisha Kifaransa, na naandikia watu maneno ya sherehe. Ukiwa na jubile, ukiwa na mtoto anayepewa upadri, ukiwa na mkubwa wa kazi anayestaafu na hujui umuage vipi bila kumtukana, unakuja kwangu na chupa ya sukre, soda yetu, unakaa, unanieleza, mimi naandika. Sijivuni. Haya, najivuna kidogo, maana kazi hiyo si mchezo. Lazima ujue nani hasemeshani na nani, na nani atanuna mwaka mzima akitajwa wa pili.

Sasa jirani yangu, seremala, mjane, mtu wa maneno machache, alikuja Jumamosi moja mchana amevaa shati lake la kanisa. Nikajua kuna jambo. Binti yake mkubwa alikuwa anaolewa. Famili ya kijana ilikuwa inatoka Nyangezi kuleta mahari, na yeye alitaka nimwandikie maneno ya kutambulisha famili.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu: siku ya mahari famili mbili zinakaa zikitazamana chini ya hema. Kabla ya mbuzi, kabla ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, msemaji wa kila upande anasimama na kuwataja watu wake mmoja mmoja. Huyu ni baba mdogo wa binti, huyu ni mjomba wake. Anayetajwa anasimama, anapiga makofi ya heshima, upande wa pili unamjibu kwa makofi, anakaa. Tangu hapo ni mkwe wao. Asiyetajwa hafukuzwi, atakula na atashiba, lakini atakula kule nyuma pamoja na sisi majirani. Msemaji wa jirani yangu alikuwa kaka yake mkubwa, mzee mwenye sauti ya kuamsha mtaa na kichwa kinachosahau kila kitu, kwa hiyo ilibidi asome.

"Shida ni Tantine," jirani akasema, akaanza kuangalia viatu vyake.

Tantine ni dada yake mdogo, shangazi wa binti. Ana mgahawa Kavumu, pembeni ya barabara ya uwanja wa ndege. Mama wa binti alikufa mtoto akiwa hajaanza shule, na Tantine ndiye aliyemchukua, akamlea mpaka akamaliza sekondari. Ila Tantine hakai peke yake. Anakaa na mama mmoja mrefu, mtu wa Shabunda, aliyefika zamani kutafuta kazi ya kupika na hajaondoka tena. Nyumba yao ni moja, jiko lao ni moja, na mmoja akishikwa na malaria, mwingine anafunga mgahawa. Famili nzima inajua wale ni nani kwa nani. Hakuna anayesema.

"Ametuma neno," jirani akaendelea. "Ataingia mu hema na mwenzake, na mwenzake atajwe mbele ya watu. Kama hawamutaji, naye haingii. Na kama haingii, nani atamutoa mutoto mu nyumba kumuonyesha bakwe? Mutoto mwenyewe anasema bila Tantine hatoki." Akapumua. "Wewe njo fundi wa maneno, Madame. Nitafutie neno."

Nikwambie ukweli, nilifurahi. Naona aibu kidogo kusema hivyo, maana mwenzangu alikuwa na usiku wa kukosa usingizi na mimi nilikuwa kama mtu aliyepewa fumbo la gazeti. Lakini ndivyo nilivyo. Mimi nina mume, nina watoto, na maisha ya watu kama Tantine nilikuwa nayasikia kwa mbali tu, mara nyingi yakisemwa na watu wasioyajua. Sasa nilikuwa na sababu halali ya kuuliza, na mimi kuuliza ni ugonjwa wangu.

Maneno ya mtaani niliyatupa yote siku ile ile. Nimefundisha wavulana miaka mingi, nayajua, na hakuna hata moja unaloweza kulisema wakati mtu amesimama mbele yako anakutazama. Maneno ya kanisani yana sauti ya chini zaidi, lakini ni sauti ile tunayotumia tukienda kumtazama mgonjwa. Waliopotea, wanaojaribiwa. Nilimfikiria Tantine, mwanamke anayeweza kumfukuza dereva mlevi kwa mwiko, nikaona hapana, huyu hajapotea hata kidogo. Nikaenda kwenye Kiswahili cha vitabu. Kuna neno la pwani ambalo kule wanawake wanaitana kwa mapenzi, na watu wale wale wakilielekeza kwa mwanaume linageuka tusi. Kuna lingine la wanawake, nalo linataja tu kile watu wanachodhani kinafanyika kitandani. Nikacheka peke yangu mezani. Mimi na mume wangu siku ya mahari yetu hakuna aliyetutambulisha kwa mambo ya kitanda.

Nikakumbuka kijana mmoja niliyemfundisha, siku hizi anafanya kazi kwenye shirika la afya hapa mjini. Nikamwomba tukutane, tukanywa chai karibu na Nyawera. Nilipomweleza ninachotafuta alitabasamu, akaniambia kwamba yeye mwenyewe anapenda wanaume, akasema kama anayeniambia anakaa mtaa gani. Miaka yote ile darasani sikujua. Nikataka kusema kitu kizuri, nikamwongezea sukari kwenye chai.

Alinifundisha zile herufi zinazoandikwa kwenye miradi, moja baada ya nyingine, na kila moja ni ya nani. Kwangu zilikuwa zinafanana na namba ya gari, lakini alipozieleza niliona kwamba kila herufi ina watu ndani yake waliochoka kuitwa vingine. Nikauliza mengi. Mengine yalikuwa ya maana. Kisha nikauliza, "Sasa kwa wale wawili wa Kavumu, nani ni bwana?"

Akaweka kikombe chini. "Madame, mimi niliwahi kukuuliza wewe na Papa, bwana yako, munalalaka namna gani?"

Mwanafunzi wangu, na alikuwa na haki kabisa. Yeye hakukasirika, alisema swali hilo analipata kila wiki, hata kwa watu waliosoma kuliko mimi. Halafu akaniambia herufi zile zinawasaidia ofisini, zinawasaidia kwa daktari, ila kwenye hema la mahari nisizipeleke, wazee watadhani ni chama cha siasa. "Na wao wenyewe," akauliza, "wanasema nini?"

Wenyewe. Nilikuwa nimeuliza kamusi, kanisa, kijana wa shirika, na wenye mambo sijawauliza. Lakini sikutaka kwenda mikono mitupu, maana mimi ni fundi. Nikakaa nikatengeneza: "Shangazi wa binti, pamoja na dada yake wa moyo." Nilisoma kwa sauti, mume wangu akasema ni nzuri. Nikalala vizuri.

Asubuhi nikapanda basi la Kavumu. Mgahawa ulikuwa kimya. Tangu ndege ziache kutua, wateja wao ni madereva wa malori na wamama wanaoshusha kabichi, na nao wanahesabu mara mbili kabla ya kuagiza nyama. Tantine alikuwa anachambua maharage, mwenzake yuko nyuma anapepeta unga. Nilikaribishwa na bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, nikala, kisha nikatoa karatasi yangu na kusoma, nikisimama kidogo pale kwenye "moyo" ili lisikike.

Tantine hakuinua macho. "Dada," akasema. "Dada ninao batatu. Mumoja hata hatusalimiane. Huyu unamuandika kuwa dada yangu wa nne?"

"Wa moyo, Tantine."

"Mama, mimi niliomba watu wamuseme huyu mbele ya bakwe. Sikuomba bamufiche mbele ya bakwe."

Nikasema basi tuweke rafiki. Akasema rafiki anakuja jioni, anakula, anarudi kwake. Nikasema mwenzake. Akafikiria, akasema hilo si baya, ila kila mtu ana mwenzake, hata wezi. Nilikuwa nafurahia kabisa; nilikuwa naandika na kufuta, naandika na kufuta, tunabishana kama watu wanaonunua samaki. Tantine naye alikuwa amechangamka. Akaniambia yeye nyumbani anamwita "mutu wangu", na kwamba siku moja tu, kabla hajafa, angependa kulisema neno hilo akiwa amevaa vizuri, watu wakisikia.

Ndipo yule mrefu akaingia. Alikuwa amesikia yote kule nyuma. Akakaa kwenye benchi la wateja, akajipangusa unga mikononi.

"Madame, mimi hakuna mwenye aliniuliza," akasema.

Ni kweli. Nilikuwa nimekaa hapo saa nzima namtafutia yeye jina, na nilikuwa namuuliza mwingine.

"Wewe ukimaliza kusoma utakula, utarudi kwako Bagira," akasema taratibu, bila ukali. "Ile neno itabaki na sisi hapa. Neno yenye mutu atauliza maana yake, mutu ataibeba. Ataipeleka ku soko, ataipeleka ku chefu wa mutaa, na mwenye nyumba naye ataisikia. Leo hatuna wateja. Kesho hatutakuwa na nyumba. Mimi nitapika. Mutoto wangu anaolewa, nitamupikia, na nitakuwa ku masufuria. Inatosha."

"Haitoshi," Tantine akasema.

"Inatosha," mwingine akasema.

Nilitazama sahani yangu. Waligombana mbele yangu kwa sauti ya chini, kwa maneno mafupi, vile watu wanavyogombana wakiwa wamekaa pamoja muda mrefu na kila mmoja anajua mwingine atasema nini. Niliona kwamba wote wawili wana haki. Mmoja hataki uongo, mwingine hataki neno la kubebwa, na mimi na kalamu yangu nimekuja kuwachokonoa kwa sababu napenda maneno. Nilijisikia vibaya, na bado, nisamehewe, nilikuwa nasikiliza kwa hamu.

Tantine ndiye aliyeshindwa. Machozi yakamjaa lakini hayakushuka. "Sawa. Nitaingia, juu ya mutoto," akaniambia. "Andika mimi peke yangu. Lakini usiandike kama niko peke yangu."

Na hilo lilinishinda, mimi fundi. Wiki nzima nilikaa na sentensi ile moja. Nilijaribu "shangazi na watu wa nyumba yake", likawa kama ana watumishi. Nilijaribu "shangazi na wote waliomlea binti", lakini mtu yeyote mwenye akili angeuliza wote nani, na hapo lile swali ambalo yule mama aliliogopa lingekuwa limeulizwa na mimi. Mwisho niliandika, "Shangazi wa binti, wa Kavumu," nikaacha mstari mtupu chini yake. Kwa nini niliuacha sijui. Nilimwambia yule mzee msemaji akifika hapo apumue kidogo kabla ya kuendelea, na yeye akafurahi, maana alikuwa na pumzi fupi.

Siku ikafika. Jua zuri, hema la kukodi, viti vya plastiki. Mimi nilipewa kiti katikati ya famili mbili, nyuma kidogo ya mzee, nimkumbushe akipotea. Kando yangu alikaa shangazi wa kijana, mama mnene kutoka Nyangezi, amevaa vikwembe, yaani vitenge, viwili vipya kama wanavyovaa wamama wetu, kimoja cha kushonwa na cha pili amejifunga kiunoni juu yake. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na alikuwa ananipa mimi yote. Hema limeinama upande mmoja, muziki uko juu mno, na mwali wanamchelewesha. Nilimpenda mara moja.

Mzee akasoma. Baba mdogo akasimama, makofi. Mjomba, makofi. "Shangazi wa binti, wa Kavumu." Tantine akasimama, amevaa vizuri sana, akapiga makofi, akajibiwa. Mzee akapumua, kama tulivyokubaliana. Katika ile pumzi Tantine alitazama upande wa jiko, ambako moshi ulikuwa unapanda nyuma ya nyumba, kisha akakaa. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake. Nilitamani kuichukua ile karatasi niichane.

Baadaye Tantine aliingia ndani, akamtoa mwali akiwa amefunikwa kichwa, wamama wakapiga vigelegele. Msemaji wa Nyangezi akasimama. Alisema wao ni watu wa desturi, wameleta kikwembe cha mama, na wanajua mama mzazi alishatangulia, Mungu amweke pema. "Kwa hiyo, binti yetu, utuonyeshe mwenyewe. Mama mwenye alikulea ni nani, tumuvalishe?"

Hili halikuwa kwenye karatasi yangu. Lilikuwa jambo la upande wao.

Binti akajifunua kichwa. Mtoto mpole, nilimfundisha mwaka mmoja aliosomea huku Bagira, sauti yake nilikuwa naitafuta darasani. Akasema, "Bamama yangu wako wawili. Mumoja ni huyu. Mwingine iko anapika." Akageukia upande wa jiko, akaita vile mtoto anavyoita akirudi shule: "Mama, kuya."

Jirani yangu seremala akaangalia viatu vyake. Mzee akaitazama karatasi, akaigeuza nyuma, hakuna kitu, akanitazama mimi. Mimi nikatazama juu.

Yule mrefu akatokea pembeni ya nyumba, aproni kiunoni, mikono imelowa. Alisimama pale pale ukingoni mwa hema, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Nadhani alikuwa tayari kurudi. Binti hakumwita tena, alimngojea tu, naye Tantine akasogea kidogo upande, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja. Akaingia, akasimama hapo.

Yule mama wa Nyangezi akaniinamia. "Kumbe wako wawili?"

"Wako wawili, maman," nikasema.

Nilingoja swali la pili. Nilikuwa nalijua, nilikuwa nimeishi nalo wiki nzima. Halikuja. Yeye alikuwa anakitazama kikwembe kimoja mikononi mwa msemaji wao, na uso wake ulikuwa umeharibika kwa aibu.

"Na sisi tulileta moja," akasema.

Akainuka. Pale mbele ya watu wote akafungua kile kikwembe chake cha juu kiunoni, kipya, bado kikiwa kigumu cha dukani, akakikunja mara mbili, akavuka katikati ya famili mbili ambako mtu havuki hovyo. Msemaji wao alipoona hivyo akamfuata upesi na kile kingine. Wakamfunga Tantine chake, na yule mama akamfunga mwenzake Tantine chake, juu ya aproni, akakaza fundo, akampigapiga kiunoni kuona kama kimekaa sawa. Watu wa Nyangezi wakapiga makofi. Yule mrefu alikuwa anatazama chini. Kisha akainua mikono yake iliyolowa na kujibu makofi yale, kwa heshima, polepole, kama anavyojibu mtu aliyetajwa. Tantine alikuwa analia wazi kabisa bila kujipangusa.

Mpaka leo sijui yule mama alielewa nini. Labda aliona dada wawili, labda aliona vyote akaamua kwamba cha kushughulikia ni kikwembe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na swali na sikutaka kuliuliza.

Alirudi akakaa kwenye kiti chake, akijivuta nguo, maana sasa alikuwa amebaki na kimoja. Alikuwa amekasirika.

"Ni nani aliandika ile karatasi ya famili yenu?" akaniuliza.

"Ni mimi, maman."

"Wewe? Mwalimu muzima?" Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Unaandika bajomba yote, unaandika hadi kale kamuzee kanalala kule, na mama wa mutoto unamuacha ku masufuria. Ulitaka famili yetu irudi Nyangezi na aibu?"

Ningeweza kujitetea. Nilikuwa na maelezo mengi, na yote yalikuwa ya kweli. Nikamwomba msamaha, akasema atafikiria.